Kabla ya Kuagiza Kibanio: Maneno kwa Mafundi na Wakuu wa Maabara za Utafiti

Mwenyekiti wa kikao, wakuu wa maabara, walimu wangu mliopo hapa, na nyinyi wadogo zangu mnaoanza kazi hii: itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa vifaa vidogo vya upasuaji kwa ajili ya utafiti, yaani mikasi, vibanio, sindano na visu tunavyotumia chini ya hadubini kupasua mbu, mbung'o, kupe na panya. Nimeipokea mada hii kwa furaha. Katika mikutano yetu tunazungumza sana juu ya mashine za mamilioni, na mara chache mno juu ya kipande kile cha chuma ambacho sampuli hupitia kabla haijaifikia mashine yoyote.

Nitaanza na mbu, kwa sababu wengi wenu mtashika mbu kabla ya kiumbe kingine, na kwa sababu kwa mbu ndiko ubaya wa kifaa unakojificha vizuri zaidi.

Mbu jike wa Anofelesi ana tezi mbili za mate, kila moja ina ndewe tatu, nazo zimekaa mbele ya kifua, nyuma kidogo ya shingo. Tezi nzima urefu wake ni kama milimita moja au pungufu. Humo ndimo sporozoiti, yaani vimelea vya malaria vilivyo tayari kuingia kwa mtu, zinamokaa zikisubiri mbu aume. Ili kuzitoa, unamlaza mbu kwenye slaidi, unaweka tone la maji ya chumvi, sindano moja inashikilia kifua na nyingine inavuta kichwa taratibu. Mkono ukitulia na ncha ikiwa nzuri, kichwa kinatoka na tezi zikiwa zimening'inia nyuma yake, angavu kama kioo. Ncha ikiwa butu, shingo inakatika ghafla na tezi zinabaki kifuani. Fundi mzoefu atakikamua kifua hadi zitoke. Fundi aliyechoka, ambaye bado ana mbu 80 kwenye kikombe, ataangalia kilichopo kwenye slaidi, hataona kimelea, na ataandika kwenye daftari kwamba mbu huyu hana.

Naomba tukae hapo kidogo. Tuseme katika kijiji fulani mbu wawili kati ya kila 100 wana sporozoiti kwenye tezi. Ukipoteza tezi za mmoja tu kati ya hao wawili, umekwisha kukigawa kiwango cha maambukizi katikati. Na kiwango hicho ndicho tunachokizidisha kwa idadi ya mbu wanaomuuma mtu usiku, ili tujue mkazi wa pale anapata kung'atwa mara ngapi kwa mwaka na mbu mwenye malaria. Chandarua kipya kinapimwa kwa hesabu hiyo. Dawa ya kupulizia ukutani inapimwa kwa hesabu hiyo. Mashine ikiharibika huwasha taa nyekundu au hukataa kufanya kazi. Kibanio kibovu kinatoa jibu linalofanana kabisa na jibu sahihi, na hakuna mtu atakayelirudia.

Najua wapo wanaosema ELISA, kipimo cha maabara kinachotafuta protini ya kimelea, imetuondolea kazi hii. ELISA naiheshimu, hasa pale mbu wanapokuwa maelfu. Lakini tunasaga kichwa na kifua pamoja, na protini ya sporozoiti inaweza kuwamo mwilini mwa mbu kabla sporozoiti zenyewe hazijaingia kwenye tezi. Kipimo kinaweza kusema ndiyo kwa mbu ambaye leo hawezi kumwambukiza mtu. Ukitaka kujua kama anaweza, itakubidi uitazame tezi.

Na isidhaniwe kwamba kazi ya mikono ni ya zamani. Chanjo ya sporozoiti nzima inayotengenezwa na Sanaria, kule Rockville, Maryland nchini Marekani, imejengwa juu ya watu waliokaa kwenye hadubini wakitoa tezi za mate, mbu mmoja baada ya mwingine, katika chumba kisicho na vijidudu. Sporozoiti zilizotoka kwenye tezi za namna hiyo zikagandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, zikaletwa Bagamoyo, na mwaka 2012 Watanzania waliojitolea walichomwa sindano ya sporozoiti hizo katika utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara. Kila chupa ya sporozoiti hizo ilipita kwanza mikononi mwa fundi na kwenye ncha ya sindano. Nayasema haya kwa ajili ya wadogo zangu, mjue thamani ya kazi mnayoianza.

Sasa twende Muheza, mkoani Tanga. Miaka ya 1950 na 1960, watafiti Gillies na Wilkes, waliokuwa kwenye taasisi ya malaria pale Amani, walipasua maelfu ya mbu wa Muheza na vitongoji vyake wakitafuta umri wao. Umri ni jambo kubwa kwa sababu vimelea vya malaria huhitaji siku 10 hadi 14 hivi ndani ya mbu kabla ya kuwa tayari kuingia kwa mtu. Mbu anayekufa mapema hamdhuru mtu, hata kama alikunywa damu yenye vimelea. Kulikuwa na njia mbili za kusoma umri, zote zimetoka kwa wanasayansi wa Kisovieti, na zote zinaanzia kwenye ovari ileile.

Njia ya Detinova inatazama mirija midogo ya hewa juu ya ovari. Mbu ambaye hajawahi kutaga, mirija yake imejikunja ncha mithili ya uzi uliozungushwa. Akishataga, inanyooka na hairudi. Unavuta pingili za mwisho za tumbo, ovari zinatoka, unaziacha zikauke kwenye tone la maji safi, unatazama. Sindano ya kawaida inatosha kabisa. Njia ya Polovodova inataka zaidi: unakishika kijifuko kimoja cha yai, unakivuta mpaka kijikia chake kinyooke bila kukatika, kisha unahesabu vifundo vilivyoachwa na kila utagaji. Hapo sindano ile iliyokufaa dakika tano zilizopita inakuwa mzigo. Inachana. Kijikia kikikatika, hesabu ya mbu huyo imekwisha.

Mdudu ni yuleyule na kiungo ni kilekile, ila maswali ni mawili, na kila swali limeomba ncha yake. Ndilo jambo moja ninalotaka mlichukue kutoka kwangu leo. Watu wanafungua katalogi wakiuliza kibanio kipi ni bora. Katalogi haiwezi kukujibu. Anza na tishu: ina unene gani, ni laini au ngumu, unataka kuikata, kuivuta, kuishikilia au kuitenganisha, na baadaye utaitumiaje. Ukimaliza maswali hayo, kurasa nyingi za katalogi zitajifunga zenyewe.

Kwa tezi za mate, mimi nashauri bomba la sindano la mililita 1 lenye sindano ya geji 26 au 27. Unene wake hauzidi nusu milimita, ukingo wake umechongwa kwa mshazari, kwa hiyo una ncha ya kuchoma na pia una kisu kidogo cha kukatia. Ni rahisi, ipo kila duka la dawa, na ikibutuka unaitupa kwenye sanduku la vyenye makali na kuchukua nyingine. Kwa Polovodova, chukua vipini vidogo vya wadudu, vile vyembamba vya milimita 0.1 hadi 0.2, uvichomeke kwenye kijiti au kwenye mpini wa kushikia. Nimeona maabara zikinunua seti nzima ya vibanio vya bei kubwa kwa ajili ya kupasua mbu, halafu mafundi wanaviacha kwenye boksi na kurudi kwenye sindano zao. Waulizeni kwanza.

Mbung'o ana tabia nyingine. Tezi zake za mate ni ndefu, zinapita kifuani hadi ndani ya tumbo, na ni nyembamba. Hapa vibanio viwili vyenye ncha nyembamba vinafaa kuliko sindano, kimoja cha kushikilia na kimoja cha kufungua tumbo. Lakini shida kubwa ya mbung'o ni usafi wa ncha kati ya kiungo na kiungo. Tunatambua kundi la tripanosoma, yaani vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, kwa mahali zilipo: zikiwa kwenye mdomo peke yake tunasema vivax, zikiwa mdomoni na kwenye utumbo tunasema congolense, zikifika kwenye tezi za mate tunasema brucei, kundi ambalo ndani yake wamo wale wanaoleta malale kwa binadamu. Sasa fikirini kibanio kilichogusa utumbo uliojaa vimelea, kikaenda moja kwa moja kwenye tezi. Umetengeneza brucei mezani. Ndiyo maana ni busara kuanza na mdomo, kisha tezi, utumbo uwe wa mwisho, na kila kiungo kiwe na ncha yake, au ncha isafishwe na kufutwa kila mara. Unapopanga bajeti ya mbung'o, usihesabu jozi moja ya vibanio kwa fundi mmoja. Hesabu mbili au tatu.

Kupe ni mgumu wa mgongo. Yule kupe wa sikio la kahawia anayeeneza ndigana kali kwa ng'ombe, ukitaka kuona Theileria, kimelea cha ugonjwa huo, kwenye tezi zake za mate, lazima kwanza ufungue gamba lake. Ukilazimisha kwa kibanio chembamba, utakipinda kibanio. Mbandike kwenye nta, kata ukingo wa mgongo kwa kisu namba 11, lile lenye ncha kali ya pembetatu, uliondoe gamba kama kifuniko, kisha ndipo kibanio chembamba kiingie. Na kwa kuwa nimetaja visu: mpini namba 3 unapokea visu namba 10, 11, 12 na 15, mpini namba 4 unapokea vile vikubwa kama namba 20, 21 na 22. Andikeni hilo. Kuna maboksi ya visu yanayolala kwenye makabati yetu kwa sababu mpini uliokuja nayo si wake.

Panya anahitaji muda zaidi, kwa kuwa anahisi maumivu na sisi tuna wajibu kwake. Mwaka 1959 Russell na Burch waliweka misingi mitatu ambayo kamati za maadili bado zinaitumia: kumbadilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza mateso yao. Watu wengi wanaisoma misingi hiyo wakifikiria ganzi na ukubwa wa vizimba. Makali ya mkasi yamo humo pia. Mkasi butu unasaga tishu badala ya kuikata. Kidonda kinavuja damu zaidi na kinapona polepole, na mnyama aliyepona vibaya anaweza kuondolewa kwenye utafiti, achukuliwe mwingine. Mkuu wa maabara anayesema hana pesa ya mkasi ajiulize anazo za panya wangapi wa kurudia.

Kwa panya tenga mkasi wa ngozi na mkasi wa ndani, wala visikutane. Manyoya yanamaliza makali haraka sana. Mkasi wa ngozi uwe wa kawaida, sentimita 10 au zaidi kidogo, imara. Kwa ngozi tumia kibanio chenye meno, kwa sababu kinashika bila kubana kwa nguvu. Kwa utumbo tumia kisicho na meno, kwa sababu chenye meno kitautoboa. Unapofika kwenye mishipa ya damu, neva au kiinitete, ingia kwenye mikasi ya springi, ile isiyo na pete za vidole, inayojifungua yenyewe ukilegeza mkono. Maarufu kati yake ni ile iitwayo Vannas, iliyotoka kwa madaktari wa macho. Vifaa vyetu vingi vidogo vimetoka kwao. Hata jina la Castroviejo mtakalolikuta kwenye katalogi ni la daktari wa macho aliyezaliwa Hispania na kufanya kazi Marekani. Vibanio vya Dumont vya Uswisi, vyenyewe, vilitengenezwa kwa mafundi saa kabla ya wanabiolojia kuvipenda.

Hivyo vya Dumont vina namba, na namba zinawachanganya wengi. Namba 5 ndiyo mnayoiona zaidi: imenyooka, ina mabega yanayopungua hadi ncha nyembamba, kwa kawaida milimita 0.1 kwa 0.06. Namba 55 ni nyembamba zaidi, milimita 0.05 kwa 0.02. Namba 7 imepinda. Unywele wa binadamu una unene wa kati ya milimita 0.05 na 0.1, kwa hiyo mnaweza kuona tunazungumzia nini. Kishawishi kilichopo ni kuchukua nyembamba kuliko zote kwa kudhani ndiyo bora kuliko zote. Kama kazi yako ni kuhamisha ovari kutoka tone moja hadi jingine, namba 55 itakutoboa ovari, na ikianguka mara moja sakafuni itakuwa imekwisha. Chagua ncha nene kadiri kazi inavyoruhusu. Itakaa miaka.

Nije kwenye chuma, maana hapa ndipo pesa inapopotea zaidi. Chuma cha pua ni chuma chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu ndiyo inayotengeneza utando mwembamba unaozuia kutu. Lakini kuna cha aina mbili zinazotuhusu. Kimoja kina kaboni ya kutosha, kimepashwa moto na kupozwa haraka kikawa kigumu; hiki ndicho kinachobeba makali, na sumaku hukivuta. Cha pili kina nikeli, ni laini, hakishiki kutu kirahisi, kwa kawaida sumaku haikivuti, wala hakibebi makali. Mkasi mzuri hutoka kwenye kile cha kwanza. Kwa hiyo msishangae mkasi wa chuma cha pua kushika kutu: ugumu ule uliouwezesha kukata ndio uliopunguza kinga yake.

Titani ni jambo jingine. Uzito wake kwa ujazo uleule ni kama asilimia 40 pungufu ya chuma, maji ya chumvi hayaipati, na haishiki usumaku, jambo linalomfurahisha kila aliyewahi kuona vipini vidogo vikinata kwenye kibanio chake. Kwa vibanio ni nzuri sana. Kwa mikasi nashauri uangalifu, maana haidumishi makali kama chuma kigumu. Mtakuta pia mikasi na vishikio vya sindano vyenye mipini ya rangi ya dhahabu. Rangi hiyo ni desturi ya kuonyesha kwamba kwenye midomo yake kuna karbidi ya tangsteni, madini magumu yanayodumu. Anayeshona panya kila siku na alipe pesa hiyo. Anayepasua mbu hana sababu.

Vifaa vingi vya mkono duniani vinatoka Sialkot, Pakistani, na jina linaloheshimika sana la Ulaya ni Tuttlingen, Ujerumani. Baadhi ya vifaa vinavyouzwa na makampuni ya Ulaya huanzia Sialkot, kwa hiyo jina la nchi kwenye mpini lisikutie usingizi wala lisikutie dharau. Nimeshika vifaa vya Sialkot vilivyofanya kazi vizuri sana, na vingine havikustahili kutoka kiwandani. Dawa ni kukagua.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi, na hadubini ya kukagulia tunayo. Weka kibanio chini yake, kifunge taratibu. Ncha zenyewe ndizo ziguse kwanza, tena zilingane, moja isiwe imepita nyingine. Ongeza nguvu kidogo: mgusano uenee kurudi nyuma bila ncha kupishana. Kama ncha zinaachana unapobana, kirudishe. Mkasi mdogo ukatie tishu ya karatasi iliyoloweshwa, au glavu nyembamba, kuanzia shina la makali hadi mwishoni kabisa. Mkato uwe safi mpaka pale makali yanapoishia, kwa sababu katika kazi yetu ile milimita moja ya mwisho ndiyo inayofanya kazi yote. Mkasi unaokata vizuri katikati na kutafuna mwishoni ni wa kurudishwa.

Lakini utarudishaje kama mkataba haukusema? Hapa nawageukia wakuu wa maabara na maofisa manunuzi. Zabuni zetu huandikwa hivi: kibanio kidogo, chuma cha pua, vipande 20. Mzabuni analeta vibanio 20 vidogo vya chuma cha pua, vinene kama vya kunyolea nyusi, na kwa sheria ametimiza. Huna la kumlaumu. Andikeni kazi kitakachofanya, urefu, ncha nyoofu au iliyopinda, upana na unene wa ncha kwa milimita, aina ya chuma, na kwamba ncha zikutane bila mwanya. Ongezeni kwamba kitu kimoja cha mfano kiletwe kikaguliwe chini ya hadubini kabla ya kupokea mzigo. Na kwenye kamati ya kupokea mzigo awemo fundi atakayevitumia. Mtu mwenye shahada mbili ambaye hajapasua mbu miaka kumi hawezi kuona kasoro ambayo fundi huyo ataihisi kwa vidole.

Vidole vinanileta kwenye mkono. Mkono wa kila mtu unatetemeka, hata wa daktari bingwa, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ni maumbile. Chini ya hadubini mtetemo huo unakuwa mkubwa kuliko kitu unachokishika. Kifaa kinaweza kuupunguza au kuuongeza. Springi ngumu mno inachosha misuli na mtetemo unakua. Springi legelege haikupi habari ya kile unachokibana. Urefu wa sentimita 11 hivi unatua vizuri kwenye pembe ya kidole gumba kama kalamu. Mpini wa mviringo unauzungusha kati ya vidole, na huo ndio unaotakiwa ukishona kwa uzi wa 10-0, ambao unene wake ni sehemu mbili hadi tatu za mia za milimita. Kama inawezekana, shika kifaa kabla ya kununua. Kama haiwezekani, nunua kimoja, kitumie wiki mbili, ndipo uagize vingine.

Utunzaji nitausema kwa ufupi ingawa una mambo mengi, kwa sababu adui wetu mkubwa ni mmoja: chumvi. Maji ya chumvi tunayopasulia yana kloraidi, na kloraidi ndiyo inayoutoboa ule utando wa kromiamu. Jiki ni mbaya zaidi. Suuza kifaa kwa maji ya distili mara tu unapomaliza, kabla damu haijakauka, kikaushe kabisa, ukivishe ncha yake kipande cha mrija laini wa silikoni. Usikipitishe kwenye moto wa spiriti. Moto unaondoa ugumu uliolipia. Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 121 inavumilika kwa vifaa vingi, mradi vimekauka kabla na baada, na kila kimoja kimelala mahali pake bila kugongana. Sisi tulio Tanga, Bagamoyo, Mombasa au Kilifi, hewa yenyewe ina chumvi, basi kabati liwe na kikaushio. Ronald Ross, aliyeona vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu tarehe 20 Agosti 1897 kule Secunderabad, India, aliandika kwamba skrubu za hadubini yake zilikuwa zimeshika kutu kwa jasho la uso na mikono yake. Alifika hata hivyo. Sisi tuna vitambaa vya kukaushia, na hatuna sababu ya kusubiri ushujaa wa namna ile.

Na kila fundi awe na vifaa vyake, na alama yake. Kibanio cha wote hakina wa kukikausha.

Niliulizwa maswali baada ya hapo, nami nayaweka hapa mawili yaliyowagusa wengi.

Kaka mmoja aliuliza kama ncha iliyopinda inaweza kurekebishwa. Inaweza, kama imepinda kidogo. Ifanye chini ya hadubini: inyooshe polepole kwa kuibana na kibanio kingine kinene, kisha uisugue kwenye kinoo laini sana au msasa wa 2000 uliolowa, viharusi vichache tu upande wa nje, ukifunga na kutazama kila mara. Upande wa ndani usiuguse, maana ndio unaokutana. Ikiwa imepinda mara ya tatu, ipeleke kwenye kazi za kushika pamba na utenge nyingine. Mikasi ya springi msijaribu kuinoa wenyewe. Ipelekeni kwa anayejua au mnunue mipya.

Dada mmoja anayetumia mkono wa kushoto alisema anapotumia mkasi wa maabara tishu inakunjwa badala ya kukatwa, na wenzake humwambia ni suala la mazoezi. Si mazoezi, dada yangu. Mkasi wa pete umeunganishwa kwa ajili ya mkono wa kulia: vidole vya kulia vikibana, vinasukuma makali yakaribiane, vya kushoto vinayaachanisha. Unavyo viwili vya kuchagua. Upo mkasi uliotengenezwa kwa mkono wa kushoto, uandikwe hivyo waziwazi kwenye maombi. Au chukua wa springi, ambao vidole vinaubana kutoka pande mbili kwa usawa, kwa hiyo mkono wowote unaufaa. Nimemwomba mkuu wake wa maabara, aliyekuwa amekaa safu ya pili, auweke kwenye oda ya robo hii, naye amekubali mbele yetu.